Mteja Kaazima Ngazi Yangu Akatundike Fleksi

Safu hii inajibiwa na fundi wa rangi na maandishi kutoka Tanga. Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na kilio kimoja, kwa hiyo nimezipanga pamoja. Nyingine zitasubiri, isipokuwa ile ya bati, maana ni fupi.

Shikamoo fundi. Mimi ni mchora mabango hapa Morogoro, nina miaka 54. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, marehemu sasa, na nimesomesha watoto watatu kwa brashi. Tangu kijana mmoja afungue duka la kuchapa fleksi, yale mabango ya turubai la plastiki, jirani na kibanda changu, mambo yamekwisha. Anatoza elfu kumi na mbili kwa mita ya mraba. Mteja anaingia asubuhi, adhuhuri anatoka na bango lenye picha. Juzi mwenye saluni niliyemchorea ukuta tangu anaanza biashara alinifuata, nikadhani kazi imerudi. Kumbe ana fleksi kwapani, anataka ngazi yangu akaitundike. Nikampa. Mke wangu anasema nifunge kibanda twende Mvomero tukalime mpunga. Mwanangu anasema nijifunze kompyuta. Wenzangu wanasema nipunguze bei. Wewe unasemaje?
*Mchora mabango, Morogoro*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na ngazi, maana ndiyo iliyonichoma.

Usiitoe bure tena. Sisemi umnyime. Fleksi haijitundiki: inataka fremu, inataka kukazwa isipigwe na upepo ikachanika, inataka mtu asiyeogopa kupanda. Yule kijana wa mashine anachapa tu, hapandi. Mwambie mwenye saluni kwamba ngazi huja na mwenyewe, na mwenyewe ana bei yake. Hapa Tanga wapo wenzetu ambao leo hii wanakula kwa kutundika mabango waliyokuwa wakiyalaani. Wanapita na ngazi yao asubuhi kwenye maduka ya kuchapa, wanauliza kuna nini cha kupandisha.

Kupunguza bei, hapana. Piga hesabu mwenyewe. Bango la mita mbili kwa moja, kwa bei ya jirani yako, ni elfu 24. Weka rangi ya mafuta ya aina tatu, weka thina, weka plaiwudi au bati, weka siku yako nzima, na jioni rangi bado haijakauka. Mashine inalimaliza hilo wewe ukiwa bado unapiga mstari wa chaki. Hata ukichora bure, bado utakuwa umechelewa. Mteja aliyekimbia kwa sababu ya haraka harudi kwa sababu ya bei, na yule mmoja atakayerudi atawaambia wengine kwamba siku hizi unachora kwa elfu kumi.

Sasa nikwambie jambo ambalo mafundi wenzetu hawapendi kulisikia. Mwenye saluni hakuwa anaupenda mkono wako. Alitaka watu wajue kwamba pale kunanyolewa, na njia ya kuwajulisha ulikuwa ni wewe tu. Vile vichwa vya mitindo ya nywele tulivyokuwa tunavichora mlangoni, upande panki, upande kipara, tulivichora kwa kuwa mtaani hapakuwa na mahali pa kuchapa picha kubwa. Ilipopatikana picha, akaenda kwenye picha. Bango husomwa, wanaolitazama ni wachache. Mtu akishasoma KINYOZI amemaliza haja yake, haulizi ile K imesimamaje. Mimi na wewe ndio tunaosimama katikati ya barabara kukagua K ya fundi mwingine mpaka bodaboda inatupigia honi.

Na miaka ile ya neema isitudanganye. Unaikumbuka, nina hakika, miaka ya kampuni za simu. Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008 tukapanda ngazi. Zain ilipogeuka Airtel mwaka 2010 tukapanda tena, kuta zilezile, rangi nyingine. Wapo walioezeka nyumba kwa kazi hizo. Tukaamini kwamba mchoraji amethaminiwa, kumbe ilikuwa fungu la matangazo linapita njiani, nasi tukawa tumesimama hapo njiani. Tigo ilipogeuka Yas mwaka 2024, mtaani kwangu walikuja vijana wenye fulana na marobota ya stika.

Kwa hiyo tafuta mahali pa aina mbili: pale watu wanapotazama, na pale fleksi isipofaa. Vipo vyote viwili, ila haviko barabarani kwenye saluni.

Ukuta wenyewe kwanza. Unajua kwa nini NYUMBA HII HAIUZWI haiandikwi kwenye fleksi? Kwa sababu tapeli ataing'oa usiku, asubuhi analeta mnunuzi. Maandishi ya ukutani hayang'oki, na mwenye nyumba aliye kwenye ugomvi wa mirathi anayataka manene, mekundu, leo hii kabla ya magharibi. Huyo mtoze vizuri. Ana hofu, lakini pia ana nyumba. Kiwanja hakiuzwi, usitupe taka hapa, namba ya mashua, jina la ngalawa: kazi ndogondogo, ila hazina mashine nyuma yake.

Kazi ya kukushikilia hasa ni shule. Walimu wa madarasa ya awali wanataka darasa linaloongea, yaani kuta zenye herufi, namba, wanyama, sehemu za mwili. Nje wanataka ramani na mfumo wa chakula. Fleksi mbele ya watoto wa miaka mitano haimalizi muhula, wataanza kuichana pembeni siku ya kwanza. Halafu kuna jambo ambalo wachoraji wachache wameliona: ramani nyingi zilizoko ukutani zimepitwa. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ni mikoa ya mwaka 2012. Songwe ilitolewa Mbeya mwaka 2016. Bado utakuta shule ambayo Mbeya ni pana vilevile kama tulivyoisoma sisi, na Geita imo tumboni mwa Mwanza. Mikoa sasa ni 31, bara 26 na Zanzibar mitano. Chukua ramani sahihi, ikunje mfukoni, nenda kwa mwalimu mkuu umuoneshe ukuta wake. Usimcheke. Mwambie mtoto anajibu mtihani kwa kile anachokiona kila siku akipanga foleni.

Mwalimu mkuu atakuuliza karatasi, na hapo ndipo mafundi wa mtaani tunapokwama. VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wana fani ya uchoraji na uandishi wa mabango, na wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa fundi aliyejifunzia kazini kama wewe: unapimwa kwa kile unachokijua, unapewa cheti, hukai darasani upya na watoto wa kidato cha nne. Nenda kaulize chuo cha hapo Morogoro. Chukua na TIN, namba ya mlipakodi. Najua utasema umri huu cheti cha nini, ila mhasibu hamlipi mjomba wako, analipa karatasi. Na malipo ya shule huchelewa, kwa hiyo fedha ya rangi iombe kabla, ya mkono ndiyo isubiri.

Uko pia jirani na Mikumi. Wenye kambi na hoteli za njiani wanapenda kibao cha mbao kilichoandikwa kwa mkono, kwa kuwa mgeni anakipiga picha. Hapo unatazamwa. Usipeleke maneno matupu, peleka kibao kimoja ulichokimaliza vizuri, wakishike.

Kompyuta? Mwanao amesema nusu ya kweli. Usikope ununue mashine ushindane na kijana mwenye umri wa mwanao, mtaa mmoja, bei moja. Lakini umewahi kuangalia kazi zake? Nitabahatisha: maneno yamejaa mpaka ukingoni, namba tatu za simu, picha nne, kivuli kwenye kila herufi. Anayepita na daladala haoni kitu. Wewe unajua kwamba herufi ya kusomeka vizuri kutoka mita 3 inataka kimo cha sentimita 2.5 hivi, kwa hiyo ya kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, mita 30, inataka sentimita 25. Unajua njano inavyokaa juu ya nyeusi. Unajua A na V zikikaa pamoja lazima uzisogeze, la sivyo pataonekana pengo. Hayo mjomba alikufundisha kwa kukupiga vidole, na yule kijana hakufundishwa na mtu. Mfuate, mwambie umpangie mabango, akulipe kwa kila moja. Mwanao akufundishe programu ya kupangia, ni kazi ya wiki chache kwa mtu ambaye jicho lake tayari limekomaa. Kijana akikataa, umepoteza nauli ya kuvuka barabara.

Watakuletea pia hadithi ya Tingatinga, kwa hiyo niiseme mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Ni rangi zetu hizihizi za mafuta. Akawauzia Wazungu wa Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora miaka michache tu, na soko kubwa likaja kwa waliomfuata. Huko Kinshasa, Chéri Samba alianza kwa kuchora mabango, akafungua kibanda chake mwaka 1975, na mwaka 1989 kazi zake zikaoneshwa Paris. Nayapenda mambo haya na nimewasimulia vijana wangu mara nyingi. Ila usiyafanye kuwa mpango wa ada. Waliobaki Kinshasa na brashi zao ni wengi, na hakuna anayeandika habari zao. Ukitaka kuchora picha zako jioni, chora. Zikiuzika, Mungu ametoa.

Nimemwacha shemeji mwisho kwa kuwa ndiye aliyesema la maana kuliko wote. Masika, Machi mpaka Mei, ukuta haukauki, na wachoraji tumekuwa tukikaa vibandani kucheza bao miezi hiyo tangu enzi za mjomba wako. Mpunga wa mvua unakutaka wakati huohuo. Shule zinafunga Juni na Desemba, madarasa yanakuwa matupu, na Juni mvua zimekatika. Desemba mtagombana kidogo, shamba linataka kutayarishwa na mwalimu mkuu anakupigia simu, lakini huo ni ugomvi wa mwenye kazi mbili. Nendeni Mvomero. Kibanda usikifunge, mwachie mtu au bandika namba yako mlangoni. Na usimwahidi mkeo kwamba brashi itarudi kulisha nyumba nzima. Haitarudi. Itakupa nusu, na hiyo nusu utaipata kwa watu wachache wanaojua kutazama.

Shikamoo mzee. Mimi ni binti wa Mombasa, nasanifu kwa kompyuta: posta, kadi za harusi, matangazo ya maduka. Nilisomea, nikakopa nikanunua laptopu. Sasa wateja wanakuja na picha walizotengeneza na akili mnemba kwenye simu, wananiambia "niwekee maandishi tu, hiyo si kazi", na wanataka kulipa shilingi mia mbili. Maandishi ya hiyo mashine yenyewe ni makosa matupu, jana nimeona KARBUNI WOTE. Niwe nakataa?
*Msanifu, Mombasa*

Marahaba, binti yangu. Niwie radhi, nimecheka kidogo. Nyinyi ndio mlionitoa mimi barabarani, na deni la laptopu hamjalimaliza.

Usikatae, ila usikubali jina walilolipa kazi hiyo. Hakuna "maandishi tu". Mtu anakuletea picha ambayo vidole ni sita, taa imechomoza kwenye sikio, na upande wa juu hapana hata nafasi ya kuweka neno. Kuinyoosha kunakula muda kuliko kuanza upya. Weka bei moja ya kunyoosha, iandike, ibandike mahali wanapoiona kabla hawajafungua mdomo. Faili usitume kabla hujalipwa, hata kwa binamu. Hasa kwa binamu.

Posta za ofa na za wanasiasa ziache ziende. Ni mambo ya kusomwa mara moja kwenye simu na kufutwa, na kitu kinachofutwa hakina mtu wa kukilipia jicho lako. Shika kadi za harusi. Kadi ya Mombasa inakaguliwa na ukoo mzima kabla haijatoka: jina la babu limeandikwaje, anayealika ni baba mzazi au baba mdogo, wanawake wanakutana wapi na saa ngapi, tarehe ya Kiislamu imelingana na ya Kizungu. Mashine haijui kwamba ukimtanguliza shangazi huyu, yule haji. Wewe unajua, au unamjua bibi wa kumuuliza. Mzazi wa bi harusi hajali programu gani uliyotumia, anajali asiaibike. Hilo lina bei, na si mia mbili.

Huko kwenu mmeona pia kazi ya mkono ikiuawa na isiwe mashine iliyoiua. Kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati ule, zilipoanza kutumika mwaka 2004, matatu zikapigwa mstari wa njano, michoro ikafutwa, na wachoraji wakalala njaa kwa amri ya serikali. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akaruhusu michoro irudi. Waliorudi nayo ni wale ambao katikati hapo walikuwa wakichora mahali pengine, mkono usije ukasahau. Hata ukipata ajira dukani, usiache kusanifu.

Assalaamu alaykum. Mie ni mshonaji wa kofia za mkono, Pemba. Kofia moja hunichukua miezi. Madukani zimejaa za mashine, rahisi mno. Niendelee kuwafundisha wajukuu zangu wa kike au nawapotezea wakati?
*Bibi, Wete*

Waalaykumu salaam, bibi, na shikamoo. Katika wote walioniandikia mwezi huu, wewe ndiye mwenye nafuu. Kofia hutazamwa. Mtu akiingia msikitini Ijumaa, wazee wa safu ya nyuma wanaisoma kofia yake kabla hawajamjibu salamu, na kofia ya viua, vile vitundu vilivyozungushiwa uzi, iliyoshonwa kwa mkono wanaijua wakiwa mbali. Oman nako ni hivyohivyo, kule wakiiita kumma: ya mashine wanavaa siku za kazi, ya mkono wanaitoa siku ya Idi na harusi, na wanaojua tofauti wanailipia. Mashine imemchukua mteja ambaye kofia yako asingeinunua hata zamani.

Panapokuliza nadhani ni mchuuzi, si mashine. Kofia inaondoka Wete kwa bei moja na inafika Muscat kwa bei nyingine, na miezi yako ya macho haimo kwenye hiyo ya pili. Wajukuu wana simu. Wakupige picha kofia ikiwa bado kitambaa, ikiwa nusu, na iliyogeuzwa ndani nje, maana upande wa ndani ndio unaomfichua aliyeshona kwa mashine. Ndugu hawakosekani Oman. Picha zianzie kwao. Wafundishe, ila mmoja wao ajifunze na kuchora nakshi kwenye kitambaa kabla ya kushona. Mwenye nakshi zake haombi bei kwa mtu. Na usishone kofia ya oda bila kishika uchumba.

Fundi, niliandika jina la genge langu kwenye bati jipya. Haijafika miezi mitatu rangi inabambuka vipande. Rangi ilikuwa feki?
*Mwenye genge, Handeni*

Huenda rangi ni nzima kabisa. Bati jipya lina zinki, na rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki haidumu, huachia. Kwangua yote. Lisugue bati kwa siki, lisuuze kwa maji, liache likauke kabisa, kisha upake praima ya mabati ya zinki. Dukani itaje hivyo, usikubali praima ya mbao. Ndipo uandike. Mkono wa kwanza uwe mwembamba, ukauke siku nzima, halafu upige wa pili.